Ruhusa ya Kina Kirefu

Nyumbani, 3 Februari

Mama,

Shikamoo. Kabla sijasema lolote, angalia bahasha. Nimeibandika kwa gundi mara mbili, halafu nikapitisha utepe. Ukiikuta wazi, ujue ni nani, kwa sababu barua zote zinakaa kwenye kiwanda cha mikate kumsubiri dereva wa kambi yenu, na anayemkabidhi ni Baba mwenyewe. Mshtakiwa ndiye tarishi. Sijui kama hiyo ni haki.

Tangu uondoke kwenda kuvuta nyaya zako, sheria zimezaana hapa nyumbani. Simu inapanda juu ya kabati la vyombo saa mbili usiku. Mgeni anakaa sebuleni, mlango wazi. Nikienda dukani nataja ni duka gani. Hayo nimeyakubali, sikuletei. Ninalokuletea ni moja tu: kuogelea.

Kuna klabu kwenye lile bwawa la ndani, nyuma ya uwanja wa michezo. Kocha wao alikuja shuleni, akatukimbiza, akatupima mikono, akaniambia mimi mikono yangu ni mirefu kuliko ninavyoistahili, niende. Kinachotakiwa ni saini ya mzazi mmoja. Nikampelekea Baba karatasi akiwa anakunywa chai.

"Hapana."

"Kwa nini?"

"Maji yale yana dawa. Yanaharibu nywele."

Nikasema nitavaa kofia. Akasema masikio. Nikasema kuna vizibo. Akasema kifua. Nikamwambia sijawahi kuugua kifua tangu nizaliwe. Akasema ndiyo maana hataki nianze.

Nikaja na ofa. Nitasugua trei zote za mikate kila Jumamosi. Nitaacha kubishana kuhusu simu mpaka mwisho wa muhula. Akasema, "Nitafikiria." Mama, wewe unaijua hiyo "nitafikiria" ya Baba. Ni hapana iliyopigwa pasi.

Mwisho nikamwambia, "Mama anapanda minara ya umeme." Akajibu, "Mama yako ana mkanda." Akainuka mezani, chai haijaisha.

Nakata rufaa kwako. Karatasi nimeiweka humu humu.

Binti yako


Kiwandani, 5 Februari

Mke wangu,

Utapata bahasha ya binti yako pamoja na hii. Sijaifungua. Hata ningetaka, ningehitaji msumeno.

Huyu mtoto siku hizi namwita Wakili, na haoni kama ni utani. Juzi nilimwambia azime taa alale. Akaniuliza kama nimesema azime taa au nimesema alale, maana ni mambo mawili, na lipi ni amri na lipi ni ushauri. Nikaanza kumweleza. Nilipomaliza nikakuta nimempa nusu saa ya kusoma, na mto wa pili nimempelekea mwenyewe.

Najua amekuandikia kuhusu bwawa. Naomba usimlegezee. Unajua ni kwa nini. Yeye nimempa sababu nyingine, zinatosha.

Kazi inaendelea. Unga wa safari hii ni mzito, mikate haipandi vizuri, wateja wanauliza kama tumebadilisha mwokaji. Nikitoka kiwandani mchana nalala kama gogo mpaka jioni. Nyumba iko kimya bila wewe, ukiondoa mabishano.

Jihadhari na upepo huko juu.

Mume wako


Kambini, 12 Februari

Binti yangu,

Marahaba. Bahasha imefika salama. Nimeifungua kwa koleo.

Huku tunavuta nyaya juu ya bonde. Upepo ukizidi tunashushwa, tunakaa chini ya lori tunacheza karata, na mimi nimegundua kwamba mafundi wenzangu wote ni wezi wa karata. Simu inashika mtu akisimama juu ya bodi la lori, tena aelekeze kichwa upande mmoja. Barua ni afadhali.

Karatasi yako nimeitia saini. Iko ndani ya bahasha hii.

Masharti yangu ni machache. Alama za hesabu zisishuke. Na usimdanganye baba yako. Kutomwambia na kumdanganya ni mambo mawili, wewe mtu wa kutenganisha maneno utanielewa. Akikuuliza uso kwa uso, mwambie ukweli, kisha umwambie aniandikie mimi. Sidhani atauliza. Saa za mazoezi yako yeye yuko kitandani anakoroma.

Jambo la mwisho. Sababu ya baba yako siyo nywele wala kifua. Anayo sababu yake. Atakuambia mwenyewe akiwa tayari. Usimchokonoe.

Mama


Kambini, 12 Februari

Mume wangu,

Nimemwandikia Wakili wako. Nimemwambia asikuchokonoe.

Sasa nisikilize na wewe. Mtoto wa miaka kumi na sita huwezi kumzuia kwa nywele na masikio. Mweleze habari ya lile shimo la kokoto. Kama huwezi kueleza, basi fanya jambo jingine lolote, ila ufanye. Miaka yote hii hata uso unauosha kwa kitambaa kilicholowa, na mimi sijawahi kukuuliza zaidi ya ulivyotaka kusema. Lakini yeye anakua, na maji yapo kila mahali.

Niletee soksi nzito kwa dereva.

Mke wako


Nyumbani, 9 Machi

Mama,

Shikamoo. Naogelea! Wiki ya kwanza nilikunywa bwawa nusu. Sasa navuka ng'ambo na kurudi bila kushika ukuta. Kocha hana habari na majina ya watu, anatuita kwa rangi za kofia. Mimi ni Kofia Nyekundu. Amesema nikiendelea hivi ataniweka kwenye timu ya mashindano ya Juni. Hesabu ziko salama, nimekuwekea jaribio la mwisho uone. Baba hajaniuliza kitu.

Ila kuna jambo, na sikujua nikuandikie au ninyamaze.

Baba ameacha kulala mchana. Si kila siku. Jumanne na Alhamisi. Anarudi kutoka kiwandani, anachukua mfuko mweusi, anatoka. Anarudi jioni ameoga, amechana nywele, amepaka mafuta mpaka kwenye viwiko. Mama, Baba na viwiko vyake! Wiki iliyopita alikuwa anaimba peke yake jikoni.

Nikamuuliza, "Baba, ulikuwa wapi?"

"Kwa fundi. Tanuri lina shida."

Alhamisi nikamuuliza tena. Tanuri tena. Nikamuuliza tanuri gani hilo linaugua Jumanne na Alhamisi tu. Akanitazama, akasema naweza kukaa na simu mpaka saa tatu leo. Sikuwa hata nimeomba.

Tangu siku hiyo nikiuliza swali napata kitu. Nimepata ruhusa ya kwenda sinema na wenzangu. Nimepata ufunguo wangu wa mlango wa mbele, ule niliouomba mwaka mzima. Ningefurahi, lakini sifurahi. Nauangalia tu ufunguo.

Labda ni kweli tanuri. Wewe ungejua.

Binti yako


Kambini, 16 Machi

Mume wangu,

Soksi nimepata, asante. Zimenitosha.

Mnara wa bondeni tumemaliza. Kesho tunahamia mlimani.

Nasikia tanuri lina shida. Tanuri lile nililifunga nyaya mimi, kwa mikono yangu, wiki moja kabla ya kuondoka, na nikaliwasha nikalizima mpaka ukaniomba niliache. Nieleze lina shida gani. Ni nyaya za juu au za chini? Fundi anayelitengeneza ni nani? Na kwa nini analitengeneza Jumanne na Alhamisi?

Mke wako


Kiwandani, 21 Machi

Mke wangu,

Tanuri ni zima. Nilijua tangu nilipolitamka kwamba nimechagua uongo mbaya.

Ipo shughuli ninayokwenda. Sitaki kuisema bado. Si hiyo unayoifikiria. Ikifaulu nitakuambia, na isipofaulu hakutakuwa na cha kuambia mtu.

Nivumilie kidogo.

Mume wako


Kambini, 28 Machi

Mume wangu,

Nimesoma barua yako mara moja. Haikuwa ndefu.

Jana nilipanda mnara bila kufunga mkanda wa pili. Sikujua. Msimamizi aliniona kutoka chini kwa darubini, akapiga filimbi mpaka kazi yote ikasimama, nikashushwa mbele ya wote kama mwanafunzi wa siku ya kwanza. Miaka yangu yote ya kazi sijasahau mkanda. Nimepewa siku za kukaa chini, nahesabu misumari ya nguzo na kumenya viazi.

Siwezi kupanda na huku kichwa changu kiko Jumanne na Alhamisi. Niambie, hata kama ni hiyo ninayoifikiria.

Mke wako


Kiwandani, 2 Aprili

Mke wangu,

Dereva amesema anangoja nimalize kuandika, kwa hiyo naandika nimesimama, unga uko mikononi, utaniwia radhi.

Najifunza kuogelea.

Uliniambia nifanye jambo lolote, nikaenda kwenye bwawa. Siku ya kwanza niliishia kwenye ngazi za nje, nikala mkate, nikarudi. Siku ya pili niliingia mpaka chumba cha kubadilishia nguo. Sasa naingia majini. Wanaoanza sote tuko kwenye kina kifupi, kocha anatuita vifaranga. Wenzangu ni watoto wa darasa la kwanza. Mmoja aliniambia, "Babu, usifumbe macho, utagonga ukuta." Nilitaka kumuuliza babu ni nani, lakini wakati huo huo nikagonga ukuta.

Kuweka uso majini naweza. Kupuliza povu naweza. Kulala chali na kuelea siwezi. Kocha anasema mwili wangu uko tayari ila shingo imekataa.

Nitakuambia na kile ambacho sikuwahi kukuambia kuhusu lile shimo la kokoto. Ulijua kwamba binamu yangu alizama kwenye maji yaliyojaa mle. Hukujua kwamba zamu iliyofuata ilikuwa yangu. Nilikuwa nimeshavua shati. Alinipa na lake nimshikie, akaruka. Watu walipokuja walinikuta bado nimesimama pale pale, nimeshika mashati mawili. Nilikuwa na miaka tisa na sikujua hata kuogelea kwa kutapatapa kama mbwa. Mama yake alikuja akachukua shati moja mkononi mwangu, na lilikuwa langu, na sikumwambia.

Huyu mtoto wetu akitaja maji, mimi naona nimeshika shati lake. Kwa hiyo nimejiwekea sharti: siku nitakayoweza kumfuata kwenye maji, siku hiyo nitatia saini. Kabla ya hapo siwezi.

Tafadhali usimwambie. Akijua nina ratiba, ataanza kuidai kwa tarehe.

Funga mikanda yote.

Mume wako


Kambini, 8 Aprili

Mume wangu,

Nimeisoma chini ya lori. Wenzangu wamedhani nimefiwa, wakanimenyea viazi vyangu.

Kesho narudi juu. Nitafunga yote.

Kuna jambo nami ninalopaswa kukuambia kuhusu hilo bwawa. Nitaliandika vizuri kwa dereva wa wiki ijayo, si la kuandikwa kwa haraka.

Mke wako


Nyumbani, 12 Aprili

Mama,

Shikamoo. Kaa chini kwanza. Kama uko juu ya mnara, shuka.

Sisi wa timu tunafanya mazoezi Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Wiki hii msaidizi wa kocha aliugua, kocha akatuomba tuje na Alhamisi kumsaidia kushika wanaoanza. Nikafika nimechelewa kidogo. Kocha akanionyesha kwa kidole: "Kofia Nyekundu, mchukue Kofia ya Njano, yule pale kwenye kona. Ni mtu mzima. Mwoga, lakini hakosi siku."

Mgongo ndio niliouona kwanza. Mgongo wa Baba nimezoea kuuona ndani ya shati jeupe lenye unga. Nilisimama pale pembeni nikitegemea utageuka uwe mgongo wa mtu mwingine.

Halafu nikaelewa ile harufu. Wiki zote zile nyumba nzima ilikuwa inanuka dawa ya bwawa, nami nilidhani ni mimi, nikawa nafua taulo kwa siri.

Nikaingia majini. Akasikia mtu nyuma yake, akasema bila kugeuka, "Mwalimu, leo tunaanza na nini?"

"Shikamoo, Baba."

Akageuka. Akaitazama kofia yangu, akaitazama miwani, akatazama mlangoni kama vile kuna mtu ataingia aeleze.

"Nani kakuruhusu?"

"Mama."

Akaivuta kofia yake mpaka masikioni.

"Na wewe nani kakuruhusu?" nikauliza. Sikukusudia mzaha, Mama. Ilinitoka tu.

Kocha akapaza sauti kutoka upande wa pili, "Njano, lala chali! Nyekundu, shika kichwa!" Watoto wote wakatutazama. Hapakuwa na pa kwenda. Baba akalala, nikaweka viganja vyangu chini ya kichwa chake. Kichwa cha Baba ni kizito.

"Lala, Baba."

"Nimelala."

"Hujalala. Umekaza shingo."

"Shingo yangu ndivyo ilivyo."

"Nikikuachia kidogo utaona kwamba..."

"Usiniachie."

"Kidogo tu."

"Kidogo kiasi gani?"

"Pumzi moja."

"Yako au yangu?"

Mama, hapo nikajua nimerithi wapi. Nikamwambia yake. Akawaza, macho yanatazama dari. Akasema, "Usiponiachia leo, simu yako iwe haipandi kabatini tena. Kabisa."

Mwezi uliopita ningepiga magoti kwa ofa hiyo. Lakini sauti yake haikuwa ya mtu anayenipa kitu. Ilikuwa inatetemeka, na nilikuwa nausikia mtetemo kwenye vidole. Nikamwambia, "Simu sitaki. Vuta pumzi."

Akavuta. Nikashusha mikono.

Akaelea, Mama. Pumzi moja na robo hivi. Uso wake ulikuwa kama wa mtu anayesubiri kuchomwa sindano ambayo haichomwi. Halafu akakumbuka kwamba anaelea, miguu ikazama, akakohoa, akanishika bega kwa nguvu zote za mtu anayekanda unga kila siku. Alama ninazo mpaka leo. Watoto wakampigia makofi.

Tulikaa kwenye ngazi za nje kusubiri kukauka. Aliniuliza mimi nafika wapi. Nikamwambia ng'ambo na kurudi, na kina kirefu pia. Akatikisa kichwa polepole. Ndipo akanisimulia habari ya mashati mawili. Nikampa taulo langu, ingawa alikuwa nalo la kwake shingoni.

Hajanigombeza hata neno. Nadhani atakugombeza wewe.

Binti yako


Kiwandani, 13 Aprili

Mke wangu,

Kumbe ulisaini Februari.

Nilikuandikia jambo ambalo sijamwandikia mtu mwingine, na wakati ule mtoto alikuwa ameshavuka kina kirefu kwa saini yako. Nimefanya hesabu: siku ile niliyokula mkate kwenye ngazi, yeye alikuwa amepita pale pale jana yake.

Sina hasira na Wakili. Alipewa ruhusa, akaitumia.

Soksi nyingine zipo kwa dereva.

Mume wako


Kambini, 20 Aprili

Mume wangu na binti yangu,

Hii ni barua moja kwa watu wawili. Isomeni pamoja, mezani, na anayesoma asiruke mistari.

Baba: una haki ya kukasirika, nami sitajitetea sana. Ungeniuliza kabla ningekuambia kwamba mtoto anayejua kuogelea ndiye usiyehitaji kumshikia shati. Lakini hukuniuliza, nami sikukuambia. Wewe ulijificha na mfuko mweusi, mimi na kalamu. Jozi zote mbili za soksi zako nimezivaa kwa pamoja.

Binti: mashitaka uliyoniletea yote nayafuta. Kuanzia leo najiuzulu uhakimu. Niko mbali, nasikia upande mmoja mmoja, na kila nikitoa hukumu mtu anakunywa maji. Ukitaka jambo kwa baba yako, muombe baba yako. Baba ukitaka jambo kwa binti yako, ndiyo hivyo hivyo. Mnakaa nyumba moja, hakuna haja ya kubadilishana maneno kupitia mlimani.

Mimi niandikieni habari tu. Mvua, jirani, bei ya unga, na nani ameelea.

Narudi Agosti. Bwawa nitaliona mwenyewe.

Mama


Nyumbani, 30 Aprili

Mke wangu,

Tumeisoma mezani. Wakili alisoma, mimi nilisikiliza, na alipofika pale pa shati akaacha, akanipa nimalizie mimi.

Habari ni hizi. Mvua ipo. Jirani amenunua jogoo asiyejua saa. Karatasi ya mashindano ya Juni nimeitia saini mimi, kwa kalamu yangu, baada ya majadiliano ya siku mbili. Amekubali kusugua trei. Mimi nimekubali mengi zaidi, sijui ilikuwaje.

Unarudi Agosti tarehe ngapi?

Mume wako


Nyumbani, 14 Juni

Kwa Wakili, bweni la wanamichezo

Mwanangu,

Sijawahi kukuandikia barua. Nimemuuliza mama yako zinaanzaje, akasema nianze na salamu. Hujambo.

Tangu uondoke na timu, nyumba inajibu "ndiyo" kwa kila ninachosema, na sijaizoea. Jana niliamuru taa izimwe, ikazimwa. Nikakaa gizani bila raha.

Kula vizuri. Sitaki kusikia umekula biskuti ukaita chakula. Lala mapema. Kocha amesema maji ya bwawa la huko ni baridi kuliko letu, kwa hiyo usikae umelowa. Ukishinda au ukishindwa, nipigie kiwandani, simu iko karibu na tanuri, nitaisikia.

Jumamosi nilikwenda bwawani peke yangu. Nililala chali, hakuna aliyenishika. Nilitazama dari kwa muda mrefu. Taa mbili za pale juu zimeungua, nimemwambia kocha, amesema mimi ni mtu wa kwanza kuziona, kwa maana wengine huwa hawakai chali muda wote huo.

Sasa kuna jambo nataka kukuomba. Kocha anasema nikitaka naweza kujaribu upande wa kina kirefu, kando ya ukuta, yeye akiwa anatazama. Wewe umenifundisha wiki zote hizi, unaijua shingo yangu. Nimeona nikuulize kwanza. Alhamisi ijayo ndiyo siku yenyewe. Naweza kwenda?

Baba yako


Bweni la wanamichezo, 18 Juni

Baba,

Shikamoo. Niliipata barua yako juzi asubuhi, siku ya mbio zangu, wakati wa uji.

Jibu ni hapana.

Najua kocha atakuwepo. Kocha anatazama watu wengi kwa wakati mmoja. Najua utashika ukuta. Ukuta ule unateleza upande wa kushoto, kuna vigae vimelegea. Najua unaelea. Mimi ndiye niliyekufundisha na naona fahari, usidhani sioni. Lakini kule chini miguu haigusi, na ukikohoa utatafuta bega la mtu, na bega lenyewe liko huku.

Nikirudi tutakwenda wote. Wewe utakuwa upande wa ukuta, mimi upande wa nje. Hili halina mjadala, na usiniletee ofa.

Mbio zenyewe nilitoka wa tano. Mwalimu aliyetuleta huku amesema niliruka vizuri lakini nilianza nimechoka. Kweli nilichoka. Baada ya kusoma barua yako sikuweza kumaliza uji. Nilianza kufikiri labda umekosea siku, labda Alhamisi uliyoandika ni ile iliyopita, na umeshaenda. Nikamwomba mwalimu simu yake, nikapiga kiwandani. Ilipokelewa haraka, mtu hakusema hata haloo, alikuwa ameishika tu mkononi huku akigombana na wenzake kuhusu hamira. Nikasikiliza kidogo. Ilikuwa sauti yako.

Nikakata, nikaenda kuvaa kofia.

Binti yako